Bastola kiunoni isingalimwokoa Mboya

Majuzi nilialikwa katika shule moja ya upili isiyo mbali na Kisumu niwe mwamuzi wa mjadala wa wanafunzi. Hoja iliyowekwa mbele yao ilikuwa kwamba sheria ya Kenya ibadilishwe ili kila raia mwema aruhusiwe kubeba bastola kwa ajili ya kujilinda. Nilidhani ningesikia yale yale ya kila siku. Lakini kijana mmoja wa kidato cha tatu, aliyekuwa akiunga hoja mkono, alisimama na kumtaja hayati Tom Mboya. Alidai kwamba lau Mboya angalikuwa na bastola kiunoni siku ile ya 5 Julai 1969, Kenya isingalimpoteza. Ukumbi mzima ulirindima kwa makofi, na upande wa upinzani ukakosa la kujibu.

Niliwapa ushindi walioiunga mkono hoja hiyo, maana walijieleza vizuri zaidi. Hata hivyo, tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia. Nimeona ni wajibu wangu kumjibu kijana yule, na njia iliyo bora ya kumjibu ni kuyasimulia maisha ya mtu aliyemtaja. Wanafunzi wetu wengi wanalijua jina la Mboya kwa sababu ya barabara na sanamu ya Nairobi, mtaa wa Kisumu na chuo kikuu cha Homa Bay. Maisha yenyewe hawayajui.

Kwanza nikiri kwamba hoja ya kijana huyo si ya kupuuzwa. Kwenye fuo za ziwa letu, wavuvi hulalamika kwamba hunyang'anywa mashine za mashua na nyavu usiku na watu wenye silaha. Wale wanaovua karibu na Migingo, kisiwa ambacho Kenya na Uganda zimekuwa zikikizozania tangu miaka ya 2000, wamenung'unika mara nyingi juu ya kusumbuliwa na askari wa nchi jirani wenye bunduki. Mvuvi akiuliza kwa nini mwanasiasa atembee na bastola ilhali yeye ana kasia tu, swali lake lina uzito. Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, humtaka raia anayetaka bunduki awe na cheti na aonyeshe sababu ya kutosha. Katika maandishi sheria hiyo haimbagui mtu. Katika maisha, sababu ya tajiri husikika upesi kuliko sababu ya maskini. Hapo ndipo kilio cha kutaka sheria ilegezwe hupata nguvu yake, nami sitajifanya kwamba sikisikii.

Sasa tumtazame Mboya mwenyewe.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa mfanyakazi. Asili yao ilikuwa Kisiwa cha Rusinga, ndani ya Ziwa Victoria. Alisoma katika shule za misheni ya Kikatoliki, kwanza Ukambani, kisha Yala katika Nyanza, na hatimaye Mang'u. Hakumaliza masomo ya sekondari kama alivyotamani kwa sababu karo ilimshinda mzazi wake. Mwaka 1948 akaingia chuo cha kufundishia wakaguzi wa afya mjini Nairobi, mahali ambapo mwanafunzi alipewa posho badala ya kudaiwa karo.

Alipoanza kazi katika Baraza la Mji wa Nairobi aliona kwa macho yake jinsi Mwafrika alivyohesabiwa. Mkaguzi Mzungu na mkaguzi Mwafrika walifanya kazi ile ile, na mshahara wa Mwafrika ukawa sehemu ndogo tu ya ule wa mwenzake. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kisa cha mama mmoja wa Kizungu aliyeingia ofisini akiwa na chupa ya maziwa ya kupimwa, akamtazama Mboya aliyekuwa peke yake humo, kisha akauliza kama hapakuwa na mtu. Mbele ya macho ya mama yule, Mwafrika hakuwa mtu. Kijana wa miaka ishirini na kitu akikutana na dharau kama hiyo anaweza kuzaa chuki itakayomla yeye mwenyewe. Mboya alizaa chama cha wafanyakazi. Mwaka 1952 alianzisha chama cha watumishi wa serikali za mitaa, na mwaka uliofuata akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini.

Ni hapa ninapomwomba kijana wangu wa kidato cha tatu anisikilize kwa makini, kwa kuwa hapa ndipo historia ya bunduki na historia ya Mboya zinapokutana kwa mara ya kwanza. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Miaka ile, haki ya kubeba silaha nchini Kenya ilipimwa kwa rangi ya ngozi. Walowezi walitembea na bastola viunoni, wakaingia nazo hotelini na kuziweka mezani wakati wa chakula. Mwafrika aliyekutwa na bunduki, au hata risasi, bila idhini aliweza kupelekwa kwenye kitanzi. Dedan Kimathi aliponyongwa tarehe 18 Februari 1957, kosa lililomtia hatiani lilikuwa kupatikana na bastola na risasi. Sheria moja, nchi moja. Kwa huyu bastola ilikuwa pambo, kwa yule ilikuwa kifo. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Katika hali hiyo Mboya angaliweza kukata shauri kwamba pasipo bunduki hakuna njia. Wako waliokata shauri hilo wakaingia msituni, na mimi si mtu wa kuwadharau, kwani damu yao imo katika uhuru huu. Lakini tuangalie alichofanya mtu yule ambaye hakuingia msituni. Chama cha KAU kilipopigwa marufuku mwaka 1953 na viongozi wake kutiwa kizuizini, vyama vya wafanyakazi vilibaki kuwa karibu sauti pekee halali ya Mwafrika. Mboya aliitumia sauti hiyo. Wakati wa msako mkubwa wa Aprili 1954 mjini Nairobi, maelfu kwa maelfu walipokamatwa na kupelekwa kambini, yeye na wenzake walipaza malalamiko hadi ng'ambo. Makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma Machi 1955, alikwenda kwao, akawashawishi warudi kazini na suala lao liwekwe mbele ya msuluhishi, na mwishowe wakapata nyongeza kubwa ya mshahara. Silaha zake katika vita hivyo zilikuwa daftari la wanachama, kanuni za kazi na ulimi uliopangwa vyema.

Alikwenda kusoma Chuo cha Ruskin, Oxford, mwaka 1955, akarejea mwaka 1956. Machi 1957, wiki chache tu baada ya Kimathi kunyongwa, Waafrika walichagua wawakilishi wao wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, na Mboya akashinda kiti cha Nairobi. Desemba 1958 alikuwa mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika nzima uliofanyika Accra. Umri wake ulikuwa miaka 28.

Kwa walimu na wanafunzi, pengine kazi yake kubwa kuliko zote ni ile ya ndege za masomo. Mwaka 1959 alizunguka Marekani akiomba nafasi za vyuo na nauli. Septemba mwaka huo wanafunzi 81 wakapanda ndege moja kuelekea huko. Mwaka 1960 wakfu wa ukoo wa Kennedy ulichangia dola 100,000, na kufikia mwaka 1963 karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamevuka bahari kwa mpango huo. Miongoni mwa waliokwenda mwaka 1960 alikuwemo Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Madaktari, wahadhiri, wahandisi na makatibu wa wizara waliojaza ofisi za nchi changa walitoka katika ndege hizo. Nani atanionyesha bunduki iliyoijengea Kenya kiasi hicho?

Katika safari hiyo ya 1959 Mboya alialikwa Atlanta na mchungaji mmoja kijana aliyeitwa Martin Luther King. Maisha ya King yana funzo kwa mjadala wetu. Nyumba yake ilipotupiwa bomu mwanzoni mwa mwaka 1956, aliomba leseni ya kubeba bastola katika mji wa Montgomery. Wakuu wa mji walimnyima. Wanaotaka sheria ilegezwe hukitaja kisa hiki, na wana haki ya kukitaja, kwa sababu kinaonyesha jinsi leseni inavyoweza kuwa chombo cha upendeleo mikononi mwa afisa mwenye chuki. Lakini kisa hakiishii hapo. King alitafakari, akaziondoa bunduki nyumbani mwake na kuendelea na mapambano bila silaha. Aprili 1968 aliuawa Memphis kwa bunduki iliyolengwa kutoka mbali. Bastola ambayo alinyimwa mwaka 1956 isingalimsaidia lolote. Naye John Kennedy, ambaye ukoo wake ulilipia wanafunzi wetu nauli, aliuawa Dallas mwezi Novemba 1963 akiwa amezungukwa na walinzi wenye silaha.

Turudi nyumbani. Mboya alikuwa katibu mkuu wa KANU tangu mwaka 1960, akashiriki mazungumzo ya katiba jijini London, na baada ya hapo akashika wizara ya kazi, ya sheria na katiba, na hatimaye ya mipango ya uchumi. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965, uliochora njia ya uchumi wa Kenya, ulitoka katika wizara yake. Mwaka 1962 alikuwa amemwoa Pamela, binti ya Walter Odede, mwanasiasa wa Nyanza ambaye naye alikuwa ameonja kizuizi cha wakoloni.

Sitaki nimfanye malaika. Hapa Kisumu wazee wanakumbuka kwamba yeye ndiye aliyekuwa fundi wa mkutano wa KANU wa Limuru mwezi Machi 1966, uliomnyang'anya Jaramogi Oginga Odinga wadhifa wake katika chama. Mwaka huo huo, chini ya serikali aliyoitumikia, Bunge lilipitisha sheria iliyorejesha kizuizi bila hukumu. Wakati ule ilionekana kuwa dawa ya wapinzani. Mtu aliyepanda cheo kwa kudai sheria iwe sawa kwa wote alikaa kimya, au zaidi ya kimya, sheria ilipopindwa. Hilo nalo ni sehemu ya maisha yake, na tutaona matunda yake muda si mrefu.

Tukafika Jumamosi ile, tarehe 5 Julai 1969. Ilikuwa yapata saa saba mchana. Mboya aliingia katika duka la dawa la Chhani, katika Barabara ya Government, ambayo leo ni Moi Avenue. Alinunua alichokitaka, akaagana na wenye duka, akatoka. Mlangoni mtu akampiga risasi kifuani kwa bastola, kisha akatokomea katika umati. Alifariki kabla ya kuokolewa. Alikuwa hajatimiza miaka 39. Nahashon Njenga Njoroge alikamatwa, akashtakiwa, akahukumiwa na kunyongwa mwaka huo huo, lakini swali la nani alikuwa nyuma yake halikuzikwa pamoja naye.

Mwanangu, hebu tuipime hoja yako hapo mlangoni. Bastola ya kujilinda humtaka mwenyewe amwone adui, amtambue, aichomoe silaha na kulenga. Mwuaji hahitaji lolote katika hayo, kwani saa na mahali amekwisha kuvichagua yeye. Mtu anayetoka dukani na kifurushi mkononi, akiwaza chakula cha mchana, amekwisha kushindwa kabla hajajua kwamba kuna vita. Isitoshe, Mboya alikuwa waziri wa serikali. Nyuma yake lilikuwako jeshi zima la polisi. Ikiwa bunduki zote hizo hazikumkinga, moja zaidi kiunoni mwake ingalifanya nini?

Hebu tuongeze jambo. Tuseme sheria unayoitaka ilikuwako mwaka 1969, na kila mpita njia barabarani alikuwa na bastola yake. Risasi zinalia, watu watano au kumi wanachomoa silaha, na hakuna ajuaye nani ni mwuaji na nani ni msaidizi. Katika ghadhabu iliyofuata, waombolezaji walirusha mawe nje ya kanisa la Holy Family walipokuwa wakiaga maiti, na polisi wakajibu kwa hewa ya kutoa machozi. Umati ule wa watu waliojaa uchungu, lau ungalikuwa na bastola badala ya mawe, tungalizika wangapi?

Jibu si la kubahatisha sana, kwa kuwa miezi mitatu baadaye bunduki zilinena hapa kwetu. Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi, ile ambayo watu wameendelea kuiita Russia na ambayo leo ina jina la Jaramogi. Jeraha la kifo cha Mboya lilikuwa bichi. Maneno makali yalirushwa kutoka jukwaani na kutoka kwa umati, vurugu zikazuka, na walinzi wakafyatua risasi. Hata barabarani, msafara ulipokuwa ukiondoka mjini, risasi ziliendelea. Serikali ilitaja vifo 11. Wenyeji wameamini daima kwamba waliokufa walikuwa wengi zaidi, wakiwemo watoto wa shule walioletwa kumlaki mgeni. Siku chache baadaye chama cha KPU kilipigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini bila hukumu. Ile dawa iliyotengenezwa mwaka 1966 ikanyweshwa watu wa nyumbani kwa Mboya, naye yuko kaburini.

Najua utaniambia kwamba lau umati ungalikuwa na silaha, walinzi wangaliogopa. Sidhani. Palipo na bunduki pande zote mbili, anayeogopa ndiye hufyatua kwanza. Serikali nayo ingalipata kisingizio cha kuufuta mji, na leo tusingalikuwa hata na hoja ya kudai haki kwa wale wasio na hatia.

Wengine watanielekeza Marekani. Huko, mwaka 2022, mahakama ya juu kabisa iliamua kwamba raia ana haki ya kubeba bastola hadharani kwa ajili ya kujilinda, na leo zaidi ya nusu ya majimbo hayamdai mtu mzima leseni yoyote ya kubeba. Nchi hiyo ni tajiri, ina polisi wengi na hospitali za kila namna. Hata hivyo, mwaka 2023 bunduki ziliwaua huko watu zaidi ya 46,000, na zaidi ya nusu yao walijiua kwa mikono yao wenyewe. Bunduki iliyonunuliwa kwa ajili ya mwizi hukaa nyumbani ikingoja siku mwenye nyumba atakapokata tamaa.

Basi tumwambie nini mvuvi wetu na kasia lake? Tusimdanganye kwamba bastola ndani ya mtumbwi itamwokoa na watu watano wenye bunduki gizani. Itawaongezea tu kitu cha kuiba. Haki yake ni kulindwa. Kenya iliunda Huduma ya Walinzi wa Pwani mwaka 2018, na maziwa yetu yamo katika majukumu yake. Tudai mashua zake zionekane usiku katika maji ya Migingo na Mbita, tena tudai kwa umoja ule ambao makuli wa Mombasa waliutumia mwaka 1955.

Na kwa upande wa leseni, nakubaliana na kijana yule kwa nusu ya hoja yake. Upendeleo ukome. Desemba 2018 serikali iliamuru wenye bunduki wote wa kiraia wahakikiwe upya. Zoezi la namna hiyo lisiwe la msimu, wala lisiruke mlango wa mkubwa. Anayenyimwa cheti aelezwe sababu kwa maandishi, na anayepewa awe amepimwa kwa kipimo kile kile, awe mbunge au mwenye kibanda sokoni. Sheria ikiwa sawa, wenye bastola watapungua badala ya kuongezeka. Mimi naiunga mkono sheria ya namna hiyo, ambayo inaondoa pendeleo la wachache bila kuligawa kwa wote.

Mwalimu mwenzangu, ukipata nafasi wapeleke wanafunzi wako Rusinga. Shukeni hadi Luanda Kotieno, vukeni kwa feri hadi Mbita, kisha ingieni kisiwani mpaka kwenye kaburi la Mboya. Jengo lililosimama juu yake limejengwa kwa umbo la risasi. Watoto wakisha kulitazama, waulize ni nini kilichompa mtoto wa kibarua wa mkonge nguvu ya kuwapeleka mamia ya vijana ng'ambo kusoma, na ni nini kilichomzuia asiwapeleke wengine. Naamini kijana wangu wa kidato cha tatu, akisimama pale, atalijibu mwenyewe swali lake.